Siku Refa Alipopuliza Filimbi Kwenye Uwanja Mtupu

Kazi ya ukocha niliipata nikiwa nimeshika mopu. Nalisema hili mapema kwa sababu ninyi vijana mnaofundisha timu hapa Doha siku hizi mna vyeti vilivyotiwa plastiki, na kila tukikutana uwanjani Ijumaa hakosi mmoja wa kuniuliza nilisomea wapi. Nilisomea kwenye jimu ya wasichana ya chuo kimoja cha uuguzi, upande wa sakafu.

Nilikuja Qatar nikiwa na miaka arobaini na mmoja, kutoka Webuye, kuwa msimamizi wa usafi katika chuo hicho. Siku moja nilikuwa napiga deki pembeni mwa uwanja wa ndani huku wasichana wakicheza mpira wa kikapu. Niliwatazama kama dakika kumi. Walikuwa na bidii kubwa. Timu moja ilikuwa na wachezaji sita na nyingine saba. Nikaendelea kupiga deki, kisha nikashindwa kuvumilia, nikawaambia mchezo huo huchezwa na watano kila upande. Mmoja akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimeucheza miaka tisa katika timu ya kiwanda kule nyumbani. Niliona hawajaamini, basi nikaegemeza mopu ukutani, nikasimama kwenye mstari wa mtupo huru, nikatupa. Mpira ukaingia bila kugusa chuma. Niseme ukweli, nilikuwa nimelenga ubao.

Habari zilimfikia mkuu wa chuo, Daktari Hanan, mama Mjordani ambaye sote tulimwita Mudira, yaani mkurugenzi. Alikuwa ametafuta kocha wa wasichana mwaka mzima. Makocha wenye vyeti walikuwepo, lakini wote walikuwa wanaume, na jimu ile mwanamume haingii wasichana wakiwa ndani. Mimi nilikuwa tayari ndani, na funguo nilikuwa nazo. Mahojiano yangu yalichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, tena kile kidogo cha Kiarabu.

Hapa kocha huitwa kabtin. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa Mama Salome wa usafi, na Jumatatu nikawa Kabtin Salome. Sakafu niliendelea kuipiga deki kwa wiki tatu zaidi, mpaka alipopatikana mtu.

Timu ya mpira wa miguu ya wavulana nilipewa baadaye, kocha wao alipopata kazi nchi nyingine katikati ya msimu. Mudira aliniomba niwashikilie kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili ziliisha baada ya miaka kumi na tano.

Mpira wa miguu sikuujua. Niliujua kama anavyoujua mtu aliyekulia na kaka wanne, yaani nilijua kelele zake. Siku ya kwanza wavulana walisimama mbele yangu wakinitazama kama mtu aliyekuja kuuliza taka ziko wapi. Nikawaambia mambo ya kuotea watanifundisha wao, mimi nitawafundisha kusimama. Walicheka, lakini hilo ndilo tulilofanya. Kwenye kikapu mchezaji mmoja husimama imara ili anayemkaba mwenzake ajikwae kwake, mwenzake apate nafasi ya kutupa. Nikawafundisha hivyo hivyo kwenye kona. Kijana mmoja mnene asiyekimbia sana, kazi yake ilikuwa kusimama tu karibu na kipa kama nguzo ya taa, na mwenzake anampitia mgongoni. Msimu ule tulifunga mabao mengi ya kona kuliko ya namna nyingine. Makocha wa timu nyingine walilalamika kwamba hatuchezi mpira. Sikubishana nao, kwa kuwa hawakuwa wamekosea sana.

Niwape na jambo moja la kikapu, kisha niende kwenye lililonileta. Mchezaji akikosa mtupo huru mara tatu mfululizo, msimtazame mikono. Watu wote humtazama mikono, naye anajua, ndiyo maana mikono inamtetemeka. Mtazameni magoti. Magoti yakinyooka kabla ya mpira kuinuliwa, mpira hautafika. Mwambieni akunje magoti, wala msiseme neno jingine. Nimewaona makocha wakimpa mtoto maneno kumi na manne kabla ya mtupo. Mpira nao hupotea huko huko kwenye maneno.

Sasa nifike kwa Brian, maana nikiendelea na magoti nitakuwa nawakwepa.

Brian Otieno alikuwa beki wetu wa kushoto, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Siaya, mrefu, mpole, hana maneno mengi. Yalikuwa mazoezi ya kwanza baada ya likizo, mwezi wa tisa, saa kumi alasiri. Mwezi wa tisa wa Doha mnaujua. Jua limepunguza kidogo lakini unyevu umepanda, na jasho halikauki, linakaa mwilini tu. Mimi nilikuwa na sheria moja niliyoileta kutoka nyumbani: hakuna kunywa maji mpaka mbio ziishe. Ndivyo nilivyofundishwa. Kocha wetu wa kiwandani alisema maji humfanya mchezaji kuwa mzito, nasi tukamwamini, tukakimbia vilima vya Webuye midomo ikiwa imekauka, na hakuna aliyekufa. Hilo nililihesabu kuwa ushahidi. Sikukumbuka kwamba Webuye jioni mvua hunyesha.

Mzunguko wa sita, Brian alianza kukimbia nje ya mstari. Wa saba alicheka peke yake. Alipopita mbele yangu alisema, "Niko fiti, Kocha." Sikuwa nimemuuliza kitu. Wa nane aliniita Akinyi, ambalo nilikuja kujua ni jina la dada yake, kisha akaanguka.

Mimi nilisimama. Hicho ndicho nilichofanya. Waliofanya kazi ni wenzake. Walikuwa wanafunzi wa uuguzi, na mtihani wa huduma ya kwanza walikuwa wameufanya kabla ya likizo. Walimbeba mpaka kivulini, wakamvua shati, wakachukua barafu yote ya kantini wakamwekea shingoni, makwapani na mapajani. Mmoja alipiga simu ya ambulensi na mwingine akamshika kifundo cha mkono akihesabu mapigo. Jasho lilikuwa limekatika, ngozi ya moto na kavu kabisa. Mwingine akaniambia, kwa heshima, nisogee kidogo kwa sababu nazuia upepo. Nikasogea. Vijana wa miaka ishirini walijua jambo ambalo kocha wao hakulijua, na walilijua wakati mimi ndiye niliyekuwa na filimbi.

Alilala hospitali siku tisa. Figo zilisimama, kisha pole pole zikarudi kazini. Daktari alisema atapona na atamaliza masomo, ila kucheza juani asahau.

Niliomba niwe mimi wa kumpigia mama yake. Mudira alisema si lazima. Nikamwambia ni lazima. Nilimweleza mama huyo hali ya mtoto, nikamweleza madaktari wanasema nini, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza kama mwanawe alikuwa amekunywa maji. Nikamwambia alitaka, na mimi ndiye niliyemkataza.

"Asante kwa kuniambia ukweli," alisema. "Sasa nipe namba ya mtu mwingine huko, nisiwe naongea na wewe."

Nikampa namba ya mhudumu wa ofisi ya wanafunzi. Hatujaongea tena mpaka leo.

Kesho yake niliandika barua ya kuacha kazi, kwa Kiingereza, nikaipeleka mwenyewe. Mudira aliisoma, akachukua kalamu, akasahihisha maneno mawili niliyokosea, akaitia kwenye droo. Alisema nikiondoka ataajiri kocha mwingine, na kocha huyo huenda akaja na ujinga ule ule, na yeye hana Brian wa pili wa kumfundishia. Akaandika jina na namba kwenye karatasi, akaniambia niende Lusail, kaskazini mwa Doha, kwa mtu huyo, nikae naye mwezi mzima, kisha nirudi kuchukua barua yangu kama bado ninaihitaji.

Mtu huyo alikuwa Kabtin Idris, Msudani wa miaka hamsini na kitu, kocha wa chuo kingine. Wakati huo nusu ya Lusail ilikuwa bado mchanga na nusu nyingine kreni. Kiarabu changu kilikuwa cha usafi na Kiingereza chake kilikuwa cha mpira, lakini tulielewana, kwa sababu vyote viwili ni amri tupu.

Hakuniuliza habari za Brian. Alikuwa ameshazisikia, vyuo ni vichache hapa. Alinipeleka katikati ya uwanja wa nyasi bandia, akaniambia nilaze kiganja chini nihesabu mpaka kumi. Nilifika nne. Akaniambia vijana wangu hukimbia juu ya kitu hicho, na joto la chini huwapanda kupitia viatu huku mimi nikisimama pembeni kwenye saruji yenye kivuli nikiwaambia waongeze mwendo. Lile lilikuwa somo la kwanza, na lilitosha kwa siku ile.

La pili lilikuwa mizani. Alimpima kila mchezaji kabla na baada ya mazoezi, akaandika kwenye daftari. Kilo moja iliyopotea ni maji yaliyotoka, na lazima yarudi, tena zaidi kidogo ya yaliyotoka, pole pole, na chumvi kidogo ndani yake. Ambaye uzito wake wa jana haujarudi leo, leo hachezi, hata awe nani. Nilimuuliza kwa nini asiwaulize tu wanajisikiaje. Akanijibu kwamba kijana mwenye jezi mgongoni atakudanganya kila siku ya maisha yake, na hatajua kwamba anadanganya.

La tatu lilikuwa kipimajoto chenye kitambaa kilicholoweshwa maji kwenye ncha. Kile cha kawaida husema joto tu. Cha kitambaa husema joto na unyevu kwa pamoja, yaani husema kama jasho litakauka au halitakauka. Juu yake Idris alikuwa amechora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mke wake. Chini ya mstari mnacheza. Juu ya mstari mnarudi nyumbani. Alinipa kingine kinachofanana, mstari akiwa ameuchora mwenyewe, akaniambia nisije nikausogeza.

Baada ya mwezi nilirudi chuoni. Barua sikuiomba.

Kuwapima wavulana kulikuwa rahisi. Walishindana nani mzito. Wasichana waligoma siku ya kwanza, wote kumi na wawili, Wafilipino na Wakenya na Waarabu kwa umoja ambao sikuwahi kuuona uwanjani. Basi nikageuza mizani uso ukanielekea mimi peke yangu, nikawa naandika nambari za jezi badala ya majina, tena naandika kilichopungua au kuongezeka tu, uzito wenyewe siandiki. Wakapanda. Fanyeni hivyo. Na msidhani jimu yenye kiyoyozi haina hatari. Ndani kuna baridi, kwa hiyo mchezaji hahisi kiu, anatoka pale amekauka kama biskuti na bado anasema hajachoka.

Brian aliporudi darasani aliniomba kazi ya mizani. Niliona haya kumpa, nikaona haya zaidi kumnyima. Aliifanya mpaka alipohitimu, na alikuwa mkali. Aliwahi kumzuia kipa wetu asicheze kwa sababu ya nusu kilo, na kipa huyo ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Siku hizi Brian ni muuguzi wa chumba cha dharura. Nikikutana naye hunishika mkono, kisha huniuliza nimekunywa maji.

Siku hizi mna saa za mkononi zinazowaambia mapigo ya moyo, usingizi na mambo mengine ambayo mimi naona ni ya mtu na Mungu wake. Zitumieni, sizipingi. Lakini mchezaji akiwaambia yuko fiti kabla hamjamuuliza, mtoeni. Saa itakubaliana nanyi baadaye.

Miaka ikaenda. Timu ya wasichana ilichukua kombe mara mbili. Ya wavulana haikuchukua kitu, lakini watu waliacha kunitazama kama mtu aliyekuja kuuliza taka ziko wapi. Halafu ukaja msimu ambao tulikuwa na Denis.

Denis Ssebunya alikuwa Mganda, nahodha, mshambuliaji, mwaka wa mwisho. Alikuwa na miguu ambayo kocha huona mara moja, na alikuwa mtu wa kubeba wenzake. Msimu ule tulifika nusu fainali, na tuliopangiwa kucheza nao ni chuo cha Kabtin Idris.

Mechi ilikuwa iwe jioni baada ya magharibi, mwezi wa tano. Siku tatu kabla, waandaaji walituma ujumbe kwamba uwanja umechukuliwa jioni ile kwa shughuli nyingine, kwa hiyo tutacheza saa tisa alasiri. Niliandika kuomba siku nyingine. Walinijibu kwa adabu nzuri kwamba hakuna siku nyingine.

Tulifika saa nane. Nilitoa kipimajoto changu, nikalowesha kitambaa, nikasimama nacho katikati ya uwanja mpaka kikatulia. Kilitulia juu ya mstari, tena mbali. Nikasubiri dakika kumi nikapima tena, kama mtu anayesoma barua mbaya mara ya pili akidhani maneno yatabadilika. Nikaenda kwa refa nikamwomba tusubiri mpaka jua lizame, tucheze hata nje kwenye kiwanja cha mchanga kama ikibidi. Refa alikuwa mtu mwema. Alimpigia simu mwandaaji, akasikiliza, akaniambia kwamba timu itakayokosa kuingia uwanjani imeshindwa, na mwenzake amefuzu. Alisema anasikitika. Shati lake lilikuwa limeloa mpaka kiunoni na hata hatujaanza.

Nikarudi kwa vijana wangu nikawaambia hatuchezi.

Denis akaja karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtoto mkubwa anayezungumza na mamake mbele ya wageni.

"Kocha, huu ni mwaka wangu wa mwisho."

"Najua."

"Tumepimwa jana, tumepimwa leo. Maji tumekunywa. Kila kitu ulichosema tumefanya. Niko fiti."

Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa anajua habari za Brian, wote walizijua, lakini sidhani kama alisikia alichokisema. Nikamwambia aite wenzake waende kivulini kwenye basi. Hakwenda. Alikaa chini pale pale pembeni mwa uwanja, jezi akiwa amejifunika kichwani, mpaka wawili walipokuja kumwinua.

Timu ya Idris ilikuwa imeshapanga mstari uwanjani. Hawakuhitaji kucheza. Walihitaji kusimama tu pale kwa dakika kumi na tano, muda uishe, waende fainali. Idris alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Nilipita mbele yake nikielekea kwenye basi. Tulitazamana. Sheria ilikuwa upande wake. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi ya basi niliposikia akiwaita vijana wake kwa majina, mmoja mmoja. Nikageuka. Walikuwa wanatoka. Wengine walitoka wakitazama nyuma, wasiamini, lakini walitoka wote, naye akawa wa mwisho, amebeba begi la mipira begani.

Refa alibaki peke yake katikati. Alitazama huku, akatazama kule. Saa tisa kamili ilipofika alipuliza filimbi ya kuanza, kwa sababu sheria inasema apulize. Akasimama dakika kumi na tano akitazama saa, kisha akapuliza ya kumaliza, akaandika kwenye karatasi yake, akaja kukaa nasi kwenye basi kwa kuwa lilikuwa na kiyoyozi. Timu zote mbili zilihesabiwa zimeshindwa. Kombe lilichukuliwa na chuo kilichoshinda nusu fainali nyingine, kilichofika fainali kikakuta hakuna mtu.

Denis hakuniambia neno tena. Siku ya mahafali alipita karibu nami kiasi cha kugusana mabega, na macho yake yalikuwa mbele. Nasikia anafanya kazi Kampala na anafundisha watoto mpira siku za Jumamosi. Sijui kama amenisamehe, na sijaona kwamba ni haki yangu kumwuliza. Msimu uliofuata waandaaji waliandika sheria kwamba mechi yoyote ya nje haitaanza kabla ya jua kuzama katika miezi ya joto. Hawakusema wazo lilitoka wapi. Ninyi mmeikuta sheria hiyo, mnaiona ya kawaida kama milango ya uwanja.

Kabtin Idris hakurudi msimu ule. Niliambiwa mkataba wake haukuongezwa, kisha nikaambiwa ameondoka nchini. Namba yake haikupatikana. Nilipiga mara nne au tano, kisha nikaacha. Ningeweza kuuliza zaidi. Ningeweza kwenda chuoni kwake. Lakini moyoni nilijua kwamba mtu huyo alipoteza kazi kwa kunifuata mimi, na sikuwa na hamu ya kumsikia akisema hivyo. Nilimkwepa, nikajiita mtu mwenye shughuli nyingi.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini, nikabaki hapa Doha, mtaa wa Mansoura, kwa binti yangu, ambaye naye ni muuguzi. Mwaka jana gari lake lilipata pancha, na rafiki yake akatuelekeza kwa fundi mmoja wa tairi kule Industrial Area, kwamba ni mwaminifu. Tukaenda asubuhi ya Ijumaa. Kwenye kiti cha plastiki mbele ya karakana alikuwa amekaa mzee mwenye ndevu nyeupe, amevaa ovaroli safi kuliko ya mtu yeyote kwenye barabara ile, mkononi ameshika kipimo cha upepo wa tairi. Alikuwa Idris. Karakana ilikuwa ya mpwa wake. Hakuwa ameondoka nchini hata siku moja. Miaka yote ile alikuwa nusu saa kutoka nilipolala.

Aliagiza chai, akaniuliza habari za vijana, akaniuliza habari za Brian kwa jina. Nikamwambia Brian yuko dharura, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa matokeo aliyoyategemea. Alisema kazi ya tairi haina tofauti kubwa na ile ya zamani. Ukilijaza sana mchana wa joto, linapasuka barabarani. Tofauti ni kwamba hapa wateja humsikiliza.

Binti yangu alipokwenda kutazama gari, nikamwambia nililokuwa nimelibeba. Nilimwambia najua alipoteza kazi kwa sababu yangu, na naomba radhi kwa hilo, na kwa kutomtafuta.

Alikaa akikizungusha kile kipimo mkononi.

"Salome, mkuu wangu alikuwa ameniambia nisipofika fainali nisirudi," alisema. "Siku ile nilipima kabla yako. Saa saba na nusu. Nikaona, nikakitia kipimajoto mfukoni, nikawapanga vijana. Ungeingia uwanjani, ningecheza."

Huyu ndiye aliyeniambia nilaze kiganja kwenye nyasi, aliyenichorea mstari na kuniambia nisiusogeze. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa hivyo, lakini yeye ndiye aliyejua kilichokuwa mfukoni mwake, si mimi. Mwishowe nikamwambia kwamba hata hivyo aliwatoa.

"Niliwatoa kwa sababu ulipita mbele yangu," alisema. "Ungepita njia nyingine, sijui."

Tulimaliza chai. Nikamweleza kwamba siku hizi kuna makocha vijana wengi hapa, Wakenya na Waganda, na kwamba huwa wananiomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, na kwamba siku zote nimekuwa nikiwasimulia habari za mwalimu wangu Idris wa mizani na mstari mwekundu. Nikamwuliza kama anaona vibaya nikiendelea. Akasema haoni vibaya. Ila niwaambie na lile la mfukoni, kwa sababu wakisikia habari za mizani peke yake watadhani kujua kunatosha, na siku yao ikifika watashangaa mkono unakwenda wenyewe.

Basi, nimewaambia.